Mfalme Hajambo

Dola ya Mbiru haimo katika ramani yoyote, na msomaji atakayeona inafanana na nchi anayoijua, basi kasoro iko machoni pake. Ilikuwa dola kubwa, yenye mawaziri wengi kuliko mito, na raia wake walikuwa na furaha kwa sababu waliamriwa kuwa nayo. Basi, katika dola hiyo, asubuhi moja, Sikitu aligundua kuwa amekuwa mjane huku ameshika kijiko cha uji.

Sikitu alikuwa mke mdogo wa Mfalme Mkuu Fumo Kirumbe. Zamu ya kumlisha ilikuwa yake. Aliingia nyuma ya pazia zito la hariri ambako Mfalme alikaa siku zote, akamwita kwa jina lile walilolitumia wakiwa wawili tu, asijibiwe. Akamgusa shavu, akalikuta baridi. Alifungua kinywa apige ukelele, na hapohapo akasikia mtu anajikohoza upande wa pili wa pazia. Alikuwa Bwana Mtengwa, Waziri wa Uhai, ambaye kazi yake ilikuwa kusimama pale na kusikiliza kama Mfalme anaishi.

Sikitu akafumba kinywa. Akachota uji, akaupeleka kwenye midomo ya mumewe, ukateremka ndevuni. Akaufuta kwa kanga yake, akachota mwingine.

"Anakula?" aliuliza Bwana Mtengwa.

"Anakula," alisema Sikitu. "Leo anakula taratibu."

"Ashukuriwe Mola. Madaktari walisema anakula mbiombio mno."

Huko ndani Sikitu aliendelea kulisha mpaka bakuli likaisha. Alimpenda yule mzee, na hilo lilikuwa jambo la aibu kidogo katika jumba ambamo watu waliolewa kwa sababu za maana zaidi. Mzee huyo alikuwa akimmenyea machungwa kwa mikono yake mwenyewe, mikono ileile iliyotia sahihi za kunyongea watu, na kumchagulia vipande visivyo na kokwa. Sasa amekufa, na mkewe hakuwa na ruhusa ya kulia.

Ruhusa hiyo ilikuwa imeondolewa na sheria. Babu wa babu yake Fumo Kirumbe alipata kuugua, uvumi ukaenea kuwa amefariki, na alipopata nafuu akachungulia dirishani, akaona raia wanacheza ngoma barabarani wamevaa nguo za sikukuu. Hakuwauliza wanasherehekea nini. Alirudi kitandani akatunga sheria: Mfalme wa Mbiru hafi mpaka mtu aseme kuwa amekufa, na atakayesema ndiye aliyemuua, maana kabla ya maneno yake Mfalme alikuwa mzima. Muuaji huzikwa pamoja na Mfalme, miguuni pake, akiwa hai, ili apate nafasi ya kumwomba radhi. Kulia, kuvaa kaniki au kukaa eda kukahesabiwa kuwa ni kusema. Wanasheria wa Mbiru waliichunguza sheria hiyo wakaiona haina dosari, na yule mmoja aliyeiona dosari hakuonekana tena ili aieleze.

Kwa hiyo kila Mfalme alipokata roho ilibidi atafutwe mtu wa kumuua. Alipofariki baba yake Fumo Kirumbe, alipatikana mfanyabiashara mgeni aliyekuja kuuza mazulia. Walimwingiza nyuma ya pazia atandaze bidhaa zake mbele ya Mfalme, naye, kwa adabu za kwao, akageuka akauliza, "Poleni jamani, marehemu ameacha watoto?" Msiba ukatangazwa papo hapo, na mazulia yakafaa kwa matanga. Lakini habari zina miguu. Tangu siku ile wageni wote waliokanyaga Mbiru walifundishwa kwao wasimjulie mtu hali.

*

Dola ikaendelea na shughuli zake. Baraza la Mawaziri lilikutana mbele ya pazia na kupitisha kila kitu, na katibu akaandika kuwa Mfalme alisikiliza hoja zote bila kumkatiza msemaji, jambo ambalo halijapata kutokea. Balozi wa nchi jirani alizungumza kutwa nzima juu ya mpaka, hakuuliza swali hata moja, akatoka nje akisema hajakutana na mtawala msikivu kama huyu. Tabibu mkuu naye alitoa taarifa ya kutia moyo: homa imekwisha kabisa, na Mfalme hajakohoa tena.

Raia walifurahi kweli, safari hii bila kuamriwa. Siku zilipita bila mtu kunyongwa, bila kodi mpya, bila hotuba. Wazee sokoni walinong'ona kuwa Mfalme ameingiwa na hekima ya uzeeni, na akina mama walimwombea maisha marefu.

Tatizo lilikuwa hewa. Udi ulichomwa mchana kutwa mpaka pazia likageuka rangi, lakini kuna mambo ambayo udi hauyashindi. Siku waziri mmoja wa mikoani alipotapika katikati ya salamu zake, Bwana Mtengwa alipanda jukwaani akaeleza kwa utulivu kuwa hiyo ni harufu ya mamlaka yaliyokomaa, na kwamba pua changa haziwezi kuizoea mara moja. Baada ya wiki matajiri wa mjini walianza kutembea na vipande vya papa mkavu mifukoni, ili nao wanukie kikubwa.

Wake wa Mfalme walipewa kazi ya kuchangamka. Kila alasiri walikaa uani kupakwa hina na kucheka, na ofisa mmoja alipita akisikiliza nani anacheka kwa moyo. Sikitu alicheka. Alicheka huku koo linamuuma, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na hapo akawashukuru wenzake kwa utani wao mzuri, maana machozi ya kicheko yalikuwa bado hayajapigwa marufuku.

Alijua kuwa hayo yote hayawezi kudumu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na ndani ya jumba lile kila mtu alikuwa akimtazama mwenzake mdomoni. Alitakiwa mtu mmoja tu ateleze ulimi.

*

Bi Mkubwa Mwana Esha alikuja kumtembelea Sikitu akiwa amebebewa sinia la halua. Huyu alikuwa mke wa kwanza wa Mfalme, mwanamke mrefu, mwenye sauti laini ambayo haikupandishwa hata mara moja katika maisha yake, kwa kuwa haikuhitaji. Alikuwa na mwana wa kiume, Fumo Shangama, mtu mzima mwenye kitambi, ambaye kazi yake ya pekee iliyojulikana ilikuwa kungoja.

Kungoja huko kuliharibiwa na binti wa Sikitu. Binti huyo aliitwa Mize, na umri wake ulikuwa ule wa kung'oka meno ya mbele. Siku moja kwenye karamu, Mfalme aliwauliza wanawe mbele ya watu, "Je, baba yenu ana kasoro gani?" Wote wakasema hana, na Fumo Shangama akalia kwa uchungu wa kuulizwa swali gumu namna hiyo. Mize akasema, "Unanuka mdomo, na huwa unasahau majina ya watu halafu unawafunga." Fumo Kirumbe akavua kilemba chake, akamvika mtoto, kikamfunika mpaka mabegani. "Huyu ndiye atakayenirithi," alisema. "Katika dola yote hii nimepata mtu mmoja anayejua kusema." Kauli ya Mfalme haifutwi, labda mrithi awe ni muuaji.

"Mke mwenzangu, umekonda," alisema Bi Mkubwa, akaketi.

"Joto tu, Bi Mkubwa."

"Kula halua. Nimeipika mwenyewe. Ngoja nianze mimi, usije ukawa na wasiwasi." Akamega kipande, akala. "Mwanetu hajambo?"

"Hajambo. Yuko uani anacheza."

"Mtoto mzuri. Sijapata kumsikia akisema uongo. Hata juzi kaniambia meno yangu ni ya bandia, mbele ya wageni." Bi Mkubwa alitabasamu kwa meno hayohayo. "Nimemwambia Bwana Mtengwa kuwa muda umepita, hatujafanya Siku ya Kujulia Hali. Yeye kakubali. Itakuwa Ijumaa."

Sikitu akakirudisha siniani kipande alichokimega. Siku ya Kujulia Hali ilikuwa mila ya zamani ya jumba lile. Mtoto wa Mfalme huingia peke yake nyuma ya pazia kumwona baba yake, kisha akatoka mbele ya Baraza zima, na Waziri wa Uhai humuuliza hali ya mzee. Mtoto mdogo hana hila, ilisema mila, kwa hiyo jibu lake ni ushahidi kamili na halihojiwi.

"Ataingia nani?" aliuliza Sikitu, ingawa alijua.

"Si mrithi? Angeingia nani mwingine, mwenzangu?" Bi Mkubwa aliinuka, akajitengeneza mtandio. "Usijali. Mtoto atasema atakachokiona. Ukweli haumdhuru mtu."

Alipokwisha kuondoka, Sikitu alikaa akiitazama halua. Mwanawe ataingia mle, atamwona baba yake alivyo, atatoka na kusema alichokiona. Kisha watamzika naye, miguuni, na Fumo Shangama atavaa kilemba. Kwa neno moja la mtoto Bi Mkubwa atapata msiba, muuaji na ufalme.

*

Sikitu alijaribu kila mlango. Alitoa taarifa kuwa Mize ana homa. Tabibu mkuu akaja, akampima, akaandika kuwa mtoto ni mzima kama Mfalme mwenyewe. Alitaka kumtorosha binti yake kwenda kwa wazazi wake, waliokuwa wafumaji wa mikeka kijiji cha mbali, akakuta malango yamefungwa ili kelele za mji zisiusumbue usingizi wa Mfalme. Alimwendea Bwana Mtengwa, akamwomba kwa macho, kwani kwa maneno isingewezekana.

Bwana Mtengwa alitazama vidole vyake. "Mama Mize, mimi kazi yangu ni kusikiliza tu," alisema. "Nikisikia yuko hai, yuko hai. Nikisikia vingine, nitasikia vingine. Nina familia."

Ikabaki njia moja, na Sikitu aliichukia kabla hajaianza. Alimwita Mize chumbani, akamkalisha juu ya kitanda, akamshika mikono yote miwili.

"Ijumaa utaenda kumwona baba. Utamkuta amelala. Ukitoka, watakuuliza hali yake. Utasema hajambo."

"Kama hajambo, nitasema hajambo."

"Utasema hajambo hata ukimwona vipi."

"Nikimwona anaumwa?"

"Hajambo."

"Huo uongo, mama," alisema Mize. "Baba hapendi uongo. Alinivika kilemba."

Sikitu akampiga kofi. Hakuwahi kumpiga kabla ya siku ile, na mtoto hakulia, alimtazama tu kwa mshangao, mkono shavuni. Mama alitaka kumkumbatia na kumwomba msamaha, lakini Ijumaa haikuwa mbali, akaona msamaha usubiri.

"Nisikilize," alisema. "Baba hasemi tena na watu. Amechoka nao. Lakini wewe anakupenda, na wewe unamjua. Basi asiposema kitu, wewe ndiye unayejua alichotaka kusema. Utakisema kwa niaba yake, na hakuna atakayekubishia. Huo si uongo. Ndivyo wanavyofanya wakubwa wote humu ndani."

Mize akafikiri, huku ulimi ukilichezea pengo la meno.

"Wakubwa wote?"

"Wote."

"Hata Bwana Mtengwa?"

"Yeye kuliko wote. Haya, tujaribu. Mimi ndiye Waziri. Baba yako hajambo?"

Walijaribu asubuhi, wakajaribu mchana, wakajaribu wakati wa kusukana nywele. Mwanzoni mtoto alisema neno lile huku anatazama chini, na sikio likimwiva kwa aibu. Kisha akaacha kutazama chini. Alhamisi jioni alilisema huku amekaza macho usoni kwa mama yake, kwa sauti ya upole isiyo na haraka, na Sikitu, aliyetakiwa kufurahi, ndiye aliyetazama chini.

*

Ijumaa Baraza lilijaa. Mawaziri walikaa kwa vyeo, wake wa Mfalme walikaa upande wa kushoto na hina zao mbichi, na Bi Mkubwa alikuwa mbele kabisa, mwanawe pembeni. Fumo Shangama alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa joho jipya. Mlangoni walisimama maaskari wawili wenye makoleo na kamba, ambao Bwana Mtengwa alisema wamekuja kwa ajili ya bustani.

Mize aliingia nyuma ya pazia amevaa kilemba cha baba yake, kilichobanwa kwa pini. Pazia likajifunga. Hakuna kilichosikika, si kilio, si hatua. Sikitu aliuma ukingo wa mtandio wake. Akamwona Bi Mkubwa ameinamisha kichwa kidogo, kama mpishi anayesikiliza chungu kinachokaribia kuchemka.

Mtoto alikaa ndani muda mrefu kupita kawaida. Alipotoka, uso wake ulikuwa umesawijika, na midomo ameibana. Alitembea mpaka katikati ya ukumbi akasimama.

Bwana Mtengwa akainama. "Binti wa Mfalme, umemwona baba yako?"

"Nimemwona."

"Baba yako hali yake je?"

Mize alimtazama Waziri, akawatazama maaskari wa bustani, kisha akamtazama mama yake.

"Hajambo," alisema Mize.

Ukumbi mzima ulishusha pumzi, wengine kwa nafuu, wengine kwa hasara. Fumo Shangama alimgeukia mama yake kama mtu aliyenyang'anywa sahani. Yamekwisha, aliwaza Sikitu, mwanangu amepona. Akaanza kunyanyuka amchukue.

"Ila analalamika miguu," aliendelea Mize.

Bwana Mtengwa aliganda katikati ya kuinuka. "Analalamika?"

"Miguu inamuuma. Amesema Bi Mkubwa aingie amkande. Amesema akae naye humo ndani, asitoke mpaka baba aamke."

Harufu ya mamlaka yaliyokomaa ilipita katikati yao taratibu. Bi Mkubwa Mwana Esha alisimama, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda kidogo.

"Mtoto huyu anasema uongo. Mfalme hawezi kuwa amesema hivyo."

"Kwa nini hawezi, Bi Mkubwa?" aliuliza Bwana Mtengwa, kwa adabu kubwa.

Baraza lote likainama mbele, mawaziri, matabibu, wake wenzake, wote wakitega masikio kwa upole, karibu kwa mapenzi. Maaskari wawili mlangoni walibadilisha mikono ya makoleo. Bi Mkubwa alifungua kinywa. Akawatazama mmoja mmoja, akaelewa kuwa amebakiwa na sentensi moja tu, na kwamba wote wanaingoja kwa hamu. Akamgeukia mwanawe.

"Shangama, baba. Waambie."

Fumo Shangama alitazama pazia, akatazama makoleo, akajipapasa kitambi. "Mama," alisema, "amri ya Mfalme ni amri."

Bi Mkubwa akafumba kinywa. Alitembea kwenda kwenye pazia mgongo umenyooka, na wanawake wawili walimfungulia, kisha wakalifunga na kulishona kwa uzi mnene, maana Mize alisema baba hataki upepo. Baadaye vilisikika vishindo humo ndani, na sauti ya mtu anayeita. Bwana Mtengwa alisimama mahali pake pa siku zote, akasikiliza, akatangaza kuwa leo Mfalme amechangamka sana.

*

Sikitu alimkuta binti yake chumbani, amekaa kwenye kiti cha baba yake kilicholetwa bila mtu kusema nani ameagiza kiletwe. Miguu yake haikufika sakafuni. Sikitu akafunga mlango nyuma yake, akapiga magoti mbele ya kiti.

"Mwanangu," alisema. "Umefanya vizuri. Lakini Bi Mkubwa hukupaswa... Basi, tutalisema baadaye. Sasa hivi tuko wawili tu. Lia. Unaweza kulia."

"Nilie nini, mama?"

"Umlilie baba."

Mize alimtazama kwa upole. Ule upole usio na haraka, waliojaribu pamoja mpaka ukamwingia.

"Kwani baba amefanya nini?"

Nyuma ya mlango mtu akajikohoza. Sikitu alikijua kikohozi kile. Alimtazama mtoto usoni, akatafuta mule ndani yule aliyesema mbele ya karamu nzima kuwa Mfalme ananuka mdomo, akatafuta kwa muda mrefu, na Mize akamwacha atafute.

"Hajafanya kitu," alisema Sikitu. "Amelala."

"Vizuri," alisema Mize. Akaunyoosha mkono wake mdogo mbele, kiganja chini, akangoja.

Sikitu akaushika mkono huo, akaubusu.

"Shikamoo," alimwambia mwanawe.

"Marahaba, mama," alijibu Mize. "Mwambie Bwana Mtengwa aingie."